Maandazi Ishirini ya Kuhesabia Watu

Vijana wangu, mkimwona mtu amevaa kofia pana, anatembea mbele ya kundi la watu msituni huku akionyesha miti kwa fimbo, msidhani kazi yake ni kupeleka watu. Kupeleka ni rahisi. Kazi ni kuwarudisha. Nimeifanya hapa Sydney miaka ishirini na miwili, na magoti yangu yote mawili yanaweza kutoa ushahidi. Sasa nimestaafu, nakaa Campbelltown, na wajukuu wakija Jumapili huniambia, "Kukhu, tell us the one about the pot," yaani bibi, tusimulie ile ya sufuria, nami nakataa kwanza ili nibembelezwe.

Leo sijabembelezwa. Naandika kwa sababu ya binti mmoja wa kanisani kwetu aliyepata kazi ya kuongoza wageni, akaniuliza ajifunze nini kwanza: majina ya ndege au majina ya miti? Mwanangu, ndege hawana haja na jina lako wala wewe lao. Jifunze kuhesabu.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mzee wa Kigiriki, tukimwita Stavro, mtu mwenye masharubu mazito na maneno machache. Alinifundisha nisitembee mbele ya kundi wala nyuma, bali kando ya yule mwenye pumzi fupi kuliko wote. Alinifundisha nisisimulie kichekesho watu wakiwa wanapanda mlima, maana wakicheka hawatafika. Alinifundisha kubeba chumvi kwa ajili ya ruba, na tukifika penye maji nihesabu viatu badala ya vichwa. Vichwa huzama na kuibuka, alisema, lakini viatu hukaa pale pale vilipovuliwa. Jozi ikibaki, mtu amebaki. Nimewahi kupata vyeti vitatu vya kazi hii na hakuna hata kimoja kilichonifaa kuliko viatu vya Stavro.

Hata hivyo, nilikosea. Mwaka wangu wa pili nilimwacha daktari wa meno wa Kijerumani nyuma ya mti, alikokwenda haja. Nilikuja kugundua nikiwa kituo cha mafuta. Niliporudi mbio sikumkuta. Alikuwa ameomba lifti, akatutangulia hotelini, na tulipofika alikuwa ameshaandika malalamiko kurasa nne kwa mwandiko mzuri sana. Miaka michache baadaye nikajitahidi kupita kiasi, nikarudi na mtu mmoja zaidi. Alikuwa mzee wa Kikorea wa kampuni nyingine kabisa, aliyependezwa na sandwichi zetu, akapanda basi letu akalala. Kampuni yake ilimtafuta mpaka jioni.

Mwenye kampuni yetu, Colin, hakuwa mtu wa kelele. Alitengeneza fomu yenye mistari miwili: walioondoka, waliorudi. Akaniambia kwa upole, "Nafula, safari nyingine hii mistari miwili isipofanana, niachie funguo za basi mezani." Nikaishi na fomu hiyo miaka mingi, na mistari ikawa inafanana kama mapacha.

Kisha ikaja korona. Mbingu zikafungwa, wageni wakakatika. Safari yetu iliyokuwa ikipendwa kuliko zote, ya siku moja, ya kutembea msituni, kuogelea kwenye bwawa la maporomoko na kupanda ngazi za hekalu, ikabaki picha ukutani. Mabasi mawili yakasimama uani mpaka nyasi zikaota kati ya magurudumu. Kila wiki nilikwenda kuyaosha, nikiwa na barakoa usoni, utadhani mabasi nayo yangeniambukiza.

Tulipofunguliwa baada ya ule mwaka wa pili wa kufungiwa, Colin aliniambia tujaribu safari moja kwa wakaaji wa hapa hapa. Watu ishirini, viti vya kuachana. Ikienda vizuri tutaendelea, isipoenda anauza mabasi.

Wakaaji wa hapa hapa niwatoe wapi? Wazungu walikuwa wamekimbilia ufukweni. Nikamkumbuka Mama Sifa. Huyu alikuwa Mkongo wa Rooty Hill, anafanya kazi ya kutunza wazee huko Westmead, na kanisani kwao ndiye mwenyekiti wa akina mama. Tulijuana kwenye foleni ya chanjo, aliponipita nikamwambia foleni ina nyuma, akaniambia na yeye ana nyuma, na ni kubwa, inahitaji nafasi. Tangu hapo tukawa marafiki.

Nikampigia simu, nikamweleza. Nilipofika kwenye neno msitu, alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Dada Nafula, sisi tulikimbia mu msitu miezi tatu na batoto ku mugongo. Sasa unataka turudie tena mu msitu, na hii mara tulipe?"

"Huu una choo, Mama Sifa. Na mahali pa kunywa kahawa."

"Choo ya maji?"

"Ya maji."

"Basi, tunakuja."

Niliwaambia saa mbili asubuhi, maegesho ya stesheni ya Rooty Hill. Walifika saa tatu kasorobo wakiwa wamevaa kama watu wa harusini. Vitenge vya kushona, vilemba, na viatu ambavyo visigino vyake vingeweza kutoboa tairi. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa viatu vingine, "vya mu njia", na wengine jozi ya tatu, "vya kurudia". Zikaja sufuria. Zikaja thermos. Likaja dishi la samaki. Kisha maombi. Waliombea dereva, breki, kila tairi kwa zamu yake na lile la akiba, na mimi nimeinamisha kichwa huku nikitazama saa kwa jicho moja, maana hekalu siku hizo lilitaka mtu ajisajili kwa simu na afike saa aliyopewa.

"Amina" ya mwisho iliposikika, nikasimama mlangoni, nikainua kidole. "Moja, mbili, tatu..."

"Weee! Shusha kidole!" Mama Sifa alinijia juu. "Unatuhesabia? Tuko mbuzi?"

Nikabaki na kidole hewani. Na niseme ukweli, niliona aibu, maana hilo nililijua tangu utoto. Mama yangu kule Bungoma hakuhesabu watoto wake hata siku moja. Ukimuuliza ana wangapi alijibu, "Wapo." Kumhesabu mtu ni kumwonyesha kwa mabaya. Miaka mingi ya Wajerumani na Wakorea ilikuwa imenisahaulisha.

Mama mmoja mwembamba aliyesimama nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, akasema polepole, "Dada, tumehesabiwa ya kutosha."

Huyo alikuwa Mama Bahati. Nilidhani anasema zile hesabu za televisheni za kila siku, waliougua wangapi, waliokufa wangapi. Nikaitika kwa kichwa tu.

Sasa nifanyeje? Fomu ya Colin ilikuwa mfukoni. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimeamka mapema kukaanga maandazi sitini na langu moja, nikayafunga yale sitini mifuko mitatu, ishirini ishirini, mmoja wa kila kituo. Nikafungua mfuko wa kwanza nikasimama mlangoni. Kila mama aliyepanda alichukua andazi. Nikawa nahesabu maandazi. Andazi halina roho, hakuna anayelionea huruma likihesabiwa. Nilijiona mwerevu sana. Mama wa mwisho alikuta mfuko mtupu, nikampa lile nililokuwa nimejiwekea pembeni la chai yangu, nikajilaumu kwamba nilihesabu vibaya jikoni kwa usingizi.

Vijana, hapo ndipo mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nilipiga gia.

Msituni mambo yalianza na ruba. Kama hujawahi kumwona, ni kidude chembamba cheusi kinachopanda kiatuni bila hodi na kunywa damu yako mpaka kivimbe. Mama Sifa, aliyenisimulia kwa mdomo wake jinsi alivyowavuka askari wenye bunduki, alimwona ruba mmoja kwenye kifundo cha mguu wake akapiga yowe, ndege wote wa bonde wakahama. Nikatoa chumvi yangu ya Stavro. Kabla sijafungua kijikopo, bibi mmoja alipita katikati yetu, akainama, akamng'oa ruba kwa vidole viwili akamtupa kichakani, akaendelea na safari.

Huyo alikuwa Koko Riziki. Koko ndivyo wanavyomwita bibi huko kwao. Alikuwa amepita sabini, mzaliwa wa Uvira kando ya ziwa, na Kiingereza chake chote kilikuwa maneno mawili, thank you na no worries, yaani asante na usijali, ambayo aliyatumia kwa zamu bila kujali aliloulizwa. Njiani alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, akajifunika kitenge gubigubi akalala tangu Rooty Hill. Nilikuwa nimepanga kutembea kando yake, kwa sababu nilidhani ndiye mwenye pumzi fupi. Ikabidi nimkimbilie.

Tulipofika bwawani nilitoa hotuba yangu ya usalama. Maji mwisho magotini. Asiyejua kuogelea akae kwenye mwamba. Nikamaliza kwa sauti ya ukali, kwa kuwa Colin alikuwa ametoka kubadilisha vitambaa vya viti, "Na mtu aliyelowa haingii garini! Nimesema!"

Wakaitika wote, wakavua viatu. Nikahesabu jozi arobaini na tatu. Vya kuvaa, vya njiani na vya kurudia, vyote vimepangwa juani kama dukani. Mafunzo ya Stavro yakaishia hapo.

Nilipoinua macho nikamwona Koko Riziki amesimama kwenye ukingo wa mwamba mrefu, kitenge amekifunga kifuani. Nikaita, "Koko, hapana!" Akasema, "No worries," akaruka.

Hakuibuka. Nikangoja. Maji yalikuwa meusi, yametulia. Nikaruka na kofia yangu, na viatu vya mlima, na redio kiunoni. Nilikuwa nahangaika chini kule nikipapasa mawe, na nilipotoa kichwa kuvuta pumzi nilimwona Koko ng'ambo ya bwawa, ameketi, ananitazama kwa huruma.

"Juu ya nini unaoga na viatu?" akaniuliza.

Akina mama walicheka mpaka wengine wakaanguka majini, na hapo shughuli ya magotini ikaisha, wote wakaloa. Koko akawa anaogelea huku na huku kama aliyerudi nyumbani. Nami nikakamua soksi zangu, mimi mwenye hotuba.

Muda ukaenda. Saa yetu ya hekaluni ilikuwa imekaribia, na mimi nikaanza kuwaharakisha. Kuhusu kulowa sikuwa tena na mdomo. Nilikalia mfuko wa plastiki nyuma ya usukani, nikasema kila mtu akalie wake. Nikatoa mfuko wa pili wa maandazi, nikasimama mlangoni nikitiririka maji. Maandazi yakatoka moja moja. Mfuko ukaisha. Ishirini. Nikachungulia ndani: kiti cha nyuma, kitenge cha Koko gubigubi, kama asubuhi.

"Amelala," Mama Sifa akaninong'oneza. "Kuogelea imemuchosha. Tumuache."

Basi tukamwacha. Nilizima redio. Kila kona niliichukua taratibu. Mama mmoja alipoanza wimbo, wenzake walimfinya. Dakika arobaini akina mama wa Kikongo walisafiri kwa kunong'ona, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada ya siku hiyo, yote kwa kumheshimu bibi aliyelala.

Hekalu lilikuwa la Wabudha, limejengwa juu ya kilima, na ngazi zake zilipanda moja kwa moja mpaka mlangoni. Palizuka mjadala chini pale kama watu wa Yesu wanaruhusiwa. Mama Sifa akaufunga: "Tunapanda ngazi. Hatukuje kuomba. Docta yangu alisema nipande ngazi juu ya sukari. Pasta akiuliza, ni mambo ya sukari." Wakaanza kupanda, barakoa usoni, visigino vinagonga mawe.

Mimi nikakumbuka joto la ndani ya basi, nikasema si vizuri bibi alale mle madirisha yamefungwa. Nikarudi na chupa ya maji. Nikaita kwa upole, "Koko." Kimya. Nikagusa bega. Bega lilikuwa gumu, tena la moto. Nikafunua kitenge.

Ilikuwa sufuria. Sufuria kubwa ya sombe, yaani kisamvu, kifuniko kimefungwa kwa kilemba ili isimwagike, na juu yake mkoba wa Koko. Nilikuwa nimepunguza mwendo kwenye kona zote ili nisiamshe mboga.

Nikatoka nikipiga kelele mpaka watawa wakatoka nje huko juu.

"Mama Sifa! Koko si Koko! Koko ni sufuria!"

"Nini?"

"Tumemwacha! Koko yuko majini!"

Sijui kama mmewahi kuona wanawake kumi na tisa wakishuka ngazi pekupeku, viatu mkononi. Mama Sifa alifika wa kwanza. "Tulikuwa tumepanda mia moja na kumi na mbili," alisema akihema. Kuhesabiwa hakutaka, lakini ngazi alizihesabu.

Niliwaambia wabaki, wakakataa, tukaingia wote. Nikajaribu kuwapigia walinzi wa msitu. Huko bondeni hakuna mtandao. Niliona lile bwawa jeusi na bibi wa miaka sabini peke yake, Kiingereza chake maneno mawili. Funguo za Colin sikuzikumbuka hata mara moja. Nilichokumbuka ni kwamba ningesimama mbele ya watoto wa Koko niwaambie nini. Hofu ikageuka hasira, kama ilivyo kawaida ya wenye makosa, nikafoka:

"Maandazi yaliisha! Yalikuwa ishirini na yaliisha! Nani alichukua mawili?"

Nikasikia zipu ya mkoba. Mama Bahati alikuwa kiti cha nyuma yangu. Alitoa kitambaa cha karatasi, akakifungua, ndani mna maandazi mawili, la asubuhi na la bwawani.

"Ni mimi," alisema. "Siko mwizi, dada. Mukono yangu tu inachukuaka mbili. Moja ya Papa Bahati."

Papa Bahati, mume wake, alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita, tukiwa tumefungiwa. Miaka yote alikuwa mtu wa ghala, anatoka kazini na njaa, na popote mkewe alipokaribishwa alimfungia fungu lake. Mkono ulikuwa haujapata habari kwamba hayupo.

Mama Sifa akaniambia yaliyobaki kwa sauti ndogo. "Ku mazishi balitutia hesabu ku mulango. Kumi tu, ndiyo sheria ya ile wakati. Batoto ni kenda, na mama muzee wa Papa. Kumi. Yeye aliachia mutoto wa mwisho nafasi. Alibakia inje, ku parking, peke yake."

Niliona aibu ya kufoka, na aibu ya kidole changu cha asubuhi. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika usukani, nikimtazama kwenye kioo, na yeye akasema, "Endesha, dada. Koko anatungojea."

Kutoka maegesho mpaka bwawani ni mteremko wa robo saa. Nadhani tulitumia dakika sita. Bwawani hapakuwa na mtu. Juu ya mwamba, vitenge viwili vilivyofuliwa, vimetandazwa juani, mawe kwenye kila pembe. Ndipo nikasikia kicheko cha watoto nyuma ya miti, na harufu ya nyama choma.

Koko Riziki alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, katikati ya familia ya Wazungu. Amejifunga taulo lenye picha ya kangaruu, amevaa kofia ya baba wa familia, mkononi ana mkate wenye soseji. Watoto wao watatu walikuwa wamekaa chini miguuni kwake. Baba yao aliniambia bibi amewafundisha kuelea chali, wote watatu, kitu ambacho wameshindwa kujifunza kwa mwalimu miaka miwili. Nikamuuliza waliongea lugha gani. Akafikiri. "She just kept saying no worries," alisema, "so they didn't." Yaani aliwaambia wasihofu, nao hawakuhofu.

Nikapiga magoti mbele ya Koko. Badala ya kunipokea akanigombeza.

"Si weye ulisema mutu ya maji asiingie mu gari? Nilienda kule nyuma nifue, nikaushe. Kurudia, hakuna mutu. Mulikuwa munakimbia wapi?"

Kati ya watu ishirini, ndiye pekee aliyenitii. Lile ndilo kosa lake.

Kisha akamtazama Mama Sifa, akanitazama mimi. "Na mandazi yangu iko wapi? Asubuyi niliona mifuko iko mingi."

Akina mama wakatazamana. Mama Bahati akasogea mbele, akafungua kile kitambaa cha karatasi, akachukua andazi moja, akamshikisha Koko kwa mikono miwili. Koko akalila lote papo hapo, soseji kwapani, sisi tumesimama tukimtazama kama watu wa kanisani. Akapangusa mdomo.

"Sukari iko kidogo," akasema.

Mama Bahati akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, anacheka na machozi yanashuka, na Mama Sifa akaniambia sikioni kwamba tangu majira ya baridi hawajamsikia akicheka.

Nilitaka twende nyumbani. Koko akakataa. Aliahidiwa nyumba ya juu, hajaiona. Nikapiga simu hekaluni nilipopata mtandao, nikawaeleza, na mtawa mmoja akasema waliona wanawake wakikimbia pekupeku, wana wasiwasi, tuje tu hata kama saa yetu imepita. Koko alizipanda zile ngazi bila kupumzika, kitenge kikavu, mkoba kichwani. Sisi tulimfuata kwa kuburutana. Mlangoni juu alisimama mtawa mzee mwanamke, wa umri wake, wakainamiana muda mrefu kama waliopoteana. Kutoka pale uliona msitu wote chini na bahari mbali. "No worries," Koko alimwambia, akionyesha vyote.

Jua lilikuwa bado lipo tuliporudi kwenye basi. Nikatoa mfuko wa tatu, nikajiweka mlangoni. Mama Bahati akausukuma mkono wangu.

"Weka. Utawapa njiani," alisema. "Sasa tuhesabu."

Nikamwambia si lazima. Nikamwambia nitawatazama mmoja mmoja nyusoni, barakoa chini, nitaridhika.

"Hapana. Kama ni juu ya kurudisha batu, tuhesabu." Akapanda, akaketi kiti cha mbele, akajishika kifua. "Moja. Ni mimi."

Mama Sifa akapanda. "Mbili," alisema, "nakaa kwa batu babili, lakini hesabu moja tu." Wakacheka, wakapanda. Tatu. Nne. Kila mmoja alijitaja mwenyewe, na kila mmoja aliposema alijigusa. Hakuna kidole kilichonyooshwa. Ikaenda mpaka nyuma, na sauti ya Koko Riziki ikatoka kule mwisho, na sufuria mapajani, "Makumi mbili."

Nikaketi, nikawasha gari. Nikaandika kwenye fomu, waliorudi, ishirini.

"Na weye wa usukani?" Koko akaita. "Weye hurudi?"

Miaka ile yote nilikuwa nimehesabu Wajerumani, Wakorea, Wahindi, mabibi harusi na watoto wa shule. Hata Stavro hakunifundisha hilo. Niligusa kifua changu, shati bado bichi.

"Ishirini na moja," nikasema.

Wakapiga vigelegele, nikafuta, nikaandika upya.

Jumatatu Colin aliichukua fomu, akaisoma, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nafula, walioondoka ishirini, waliorudi ishirini na moja. Usiniambie umerudi tena na Mkorea." Nikamwambia huyu wa ziada simrudishi popote, ndiye atakayekuendeshea safari ya wiki ijayo. Akanitazama, akatazama fomu, akazisukuma funguo upande wangu wa meza.